Kimya kisicho na kwaheri ndicho hutuamsha usiku

Wateja wengi wanaopanda ngazi kuja ofisini kwetu hapa Luthuli Avenue, Nairobi, ambako tunalinda seva (kompyuta kuu za biashara) dhidi ya wavamizi, huanza hivi: "Mimi nina antivairasi, nahitaji nini tena?" Antivairasi hukamata hasa wabaya inaowafahamu. Aliyepata nywila ya karani wako hahitaji kirusi chochote. Anaingia kwa mlango wa mbele, na kwa kompyuta yeye ndiye karani.

Mtu huyo tunamjua kwa anachokiacha. Akitaka kurudi kesho ataongeza akaunti, ataficha ufunguo wake kwenye faili la authorized_keys (orodha ya funguo zinazoruhusiwa kuingia bila nywila), atafungua mlango wa mtandao uliokuwa umefungwa, au ataweka kazi mpya kwenye ratiba ya cron, inayoendesha kazi zenyewe kwa saa zilizopangwa. Kwa hiyo siku ya kwanza tunaandika seva yako ilivyo: akaunti zote, milango yote iliyo wazi, na alama ya SHA-256, inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ya kila faili muhimu. Alama hiyo ni tarakimu na herufi 64, na ukigusa nukta moja tu ndani ya faili inageuka yote. Orodha tunaitunza nje ya seva, kisha kila dakika 15 skripti, yaani programu fupi, inalinganisha ya sasa na ya awali. Gene Kim na Eugene Spafford walitengeneza programu ya Tripwire kwa msingi huu katika Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 1992. Sisi kwenye seva za Linux tunatumia AIDE, programu ya aina hiyo hiyo ambayo haina ada ya leseni.

Kwa mteja mmoja anayeuza vipuri Kirinyaga Road, ujumbe uliingia saa tisa usiku: kuna akaunti mpya yenye namba 0, yaani yenye mamlaka yote. Tulifungua auth.log, faili linaloandika kila jaribio la kuingia, tukakuta nywila zimekosewa mara nyingi mfululizo, halafu moja ikakubaliwa. Ilikuwa jina la duka na mwaka. Tuliitenga seva na intaneti kupitia ruta, lakini hatukuizima, maana ukizima unapoteza ushahidi uliomo kwenye memori.

Huyo alibahatika kwa sababu skripti ilikuwa hai. Kabla ya hapo tulikuwa na mteja ambaye diski yake ilijaa, skripti ikafa, na kwa wiki mbili sisi tukadhani ni amani. Hilo linaniuma mpaka leo. Mvamizi mzoefu naye huanza kwa kumnyamazisha mlinzi na kufuta nyayo. Sasa kila skripti lazima itusalimu kila baada ya dakika 15. Salamu mbili zikikosekana, simu ya fundi wa zamu inalia. Logi nazo, yaani kumbukumbu za matukio ya seva, zinatumwa kwa programu ya rsyslog papo hapo hadi mashine nyingine, ili anayefuta za kwenye seva asizifikie zilizokwisha kuondoka. Je, stima ikipotea? Tunaiunganisha UPS (betri ya akiba) na seva, nayo seva inatuaga kabla ya kuzimika. Kimya bila kwaheri ndicho tunachokifuata.

Wiki za mwanzo utapata ujumbe mwingi wa bure, kwa mfano programu zinapojisasisha. Usizime skripti, tuambie, tutauchuja ujumbe huo. Na skripti hizi hazisomi barua pepe zako wala hesabu zako.

Kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa saa 72, tangu ujue data za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari halisi ya kuwadhuru, uwe umemjulisha Kamishna wa Data. Bila logi utamweleza nini?

Ukija kwetu, beba orodha ya kila mtu mwenye nywila ya mfumo wako, na majina ya walioacha kazi. Hao walioacha tutaanza nao, kabla hata ya kuandika skripti.