Kabla ya kulipa ada ya chuo cha urembo, ulizeni kuhusu dawa

Ndugu Mhariri,

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, wazazi wa hapa Igoma hupita saluni kwangu na swali lilelile: binti akisomea urembo atapata kazi? Kazi ipo. Ila nawaomba, kabla hawajalipa ada, wakiulize chuo kinafundisha nini kuhusu dawa za saluni.

Wahitimu wanaokuja kwangu kuomba kiti wana mikono mizuri kwenye mekapu na kucha za kubandika, hilo sibishi. Lakini mpe mmoja wao kopo la dawa ya nywele, umuulize ndani mna nini. Anakutazama tu. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Ndiyo maana mteja aliyefumua rasta asubuhi na kujikuna kichwa kizima hapakwi dawa siku hiyo, hata akinuna. Ndiyo maana unampaka kwanza mafuta mazito kuzunguka nywele na masikioni, unaangalia saa, kisha unamwosha kwa shampuu ya kukata makali ya dawa, siyo yoyote iliyo karibu. Binti asiyejua hayo atamwunguza mtu, na mteja wa Mwanza akiungua hakupeleki polisi. Anawasimulia wenzake sokoni, basi.

Ngozi nayo ina mambo yake. Wanaotaka mkorogo wa kujichubua bado wapo, tena wanakuja na fedha mkononi. Msusi aliyesoma anatakiwa awe na jibu: zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na zebaki hupenya ngozi ikafika hadi kwenye figo.

Kuhusu kipato, vyuo vinasema nusu. Wengi huanzia kwenye kiti cha mtu kwa asilimia ya wanachoingiza, hakuna mshahara. Siku isiyo na kichwa ni siku isiyo na hela. Tena saluni za huku zinafuata ziwa. Pale Kirumba, jirani na Mwaloni, siku za giza, mwezi usipoonekana, dagaa wanavuliwa, wafanyabiashara wana fedha, na watu wanasukwa mpaka usiku. Mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika, na sisi tunapiga soga. Wanaotegemea maharusi nao wana ukame wao, Kwaresma na Ramadhani. Kwa hiyo anayejua kusuka, kuseti na kunyoa ananitia moyo kuliko bingwa wa mekapu peke yake, hata kama picha zake mtandaoni zinang'aa.

Wapo pia mabinti waliojifunzia saluni mtaani na wanajua kazi kuliko baadhi ya wenye vyeti. Hawa wasidanganywe waanze upya na kulipa ada nzima. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi: unapimwa kwa unachokifanya, pengo likionekana unafundishwa, kisha unapewa cheti. Wakaulizie ofisi za VETA.

Na wenye vyuo, mzazi akija msimfungulie albamu ya maharusi. Mwonyesheni sinki lenye maji, mwalimu wa dawa, na usajili wenu wa NACTVET, baraza linalosajili vyuo vya ufundi. Kisha mwelezeni ni saluni gani mwanafunzi atafanyia mazoezi, na kwa muda gani.

Mwenye saluni,
Igoma, Mwanza