Kusini si mlinzi wa geti tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na watunzi na waongozaji wa tamthilia zetu za Kiswahili, ambazo mimi na familia yangu hapa Mtwara tunazifuatilia karibu kila jioni. Tunazipenda, na ndiyo maana linatuuma jambo moja ambalo limekuwa la kawaida mno: mhusika anayetoka Mtwara au Lindi, yaani huku Kusini mwa Tanzania, huletwa kama mlinzi wa geti au dada wa kazi, na kazi yake katika hadithi ni kuchekwa.

Sina ugomvi na mlinzi wala dada wa kazi kuwa wahusika. Hizo ni kazi za halali, na ndugu zetu wengi wamezifanya Dar es Salaam wakasomesha watoto. Ninacholalamikia ni kwamba mtu huyo hapewi mke, mtoto, deni wala tamaa ya maisha. Hufungua geti, huulizwa jambo na bosi wake, hujibu kwa lafudhi ya Kimakonde, kisha hupigwa mlio wa kuchekesha na kamera huhamia sebuleni kwenye makochi. Hata lafudhi yenyewe huigwa vibaya, kwa maana mwigizaji hutia "n" mbele ya kila neno katika sentensi ya kwanza, na akifika ya tatu ameshasahau, anazungumza kama mtu wa Magomeni. Anayeijua Newala hutambua papo hapo kwamba hakuna aliyejishughulisha kukaa na mzee wa huko japo kwa siku moja akamsikiliza.

Madhara yake tunayaona majumbani. Nimemsikia mtoto wa jirani hapa Ligula akimwiga bibi yake kwa sauti ya mlinzi wa kwenye runinga huku wenzake wakicheka, na bibi mwenyewe, aliyekuwa barazani akipepeta mchele, akanyamaza kimya mpaka walipoondoka. Mtoto huyo amezaliwa Mtwara, na lugha anayoicheka ndiyo aliyobembelezwa nayo.

Wapo watakaosema kwamba Kusini hakuna hadithi ya kuvuta watazamaji. Nawaomba waje Tandahimba au Masasi wakati wa korosho. Kuna mkulima aliyekopa ili anunue salfa ya kupulizia mikorosho, na ambaye mzigo wake umeshapokelewa katika chama cha msingi cha ushirika na kupelekwa ghalani, lakini anasubiri mnada na baada ya mnada anasubiri malipo, huku ada ya mtoto ikidaiwa na mgonjwa akiwa ndani. Kuna mnunuzi wa kangomba, yaani anayenunua korosho kwa siri nje ya chama, anayepita usiku akiwa na fedha taslimu mkononi, anayejua nyumba ipi ina shida, na anayenunua kwa bei ya kutupa korosho zilizo bado juu ya mti. Kuna karani wa chama ambaye ni shemeji wa huyo mnunuzi. Mtunzi anayejua kazi yake hahitaji kuongeza jini wala ajali ya gari ili hadithi hiyo ifike vipindi 50, na ndani yake mlinzi wetu wa geti angeonekana kuwa kijana aliyeondoka nyumbani baada ya mikorosho ya baba yake kuuzwa kwa namna hiyo.

Akitaka historia, aende Tendaguru, mkoani Lindi, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, na wapagazi wetu wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Baadhi ya mifupa hiyo imesimamishwa katika jumba la makumbusho huko Berlin, lakini wapagazi wale sijawaona katika filamu yetu hata moja.

Kwamba hili linawezekana, nina ushahidi. Tamthilia ya Siri ya Mtungi ilitupa Bagamoyo yenye watu kamili, na Cheche mpiga picha tulimfahamu kama mtu wa mtaani kwetu. Filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021 kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, iliionyesha Zanzibar ya zama za mkoloni kwa uangalifu ambao nautamani kwa Mikindani na Kilwa. Hata tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC kuanzia mwaka 2011, ilitufanya tuwajali watu wa mbali kwa sababu kila mmoja alikuwa na shida yake ya kweli. Inakuwaje basi tumjue mkwe wa Kichina kuliko mama wa Nachingwea?

Kuhusu umbali, Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 na basi hutoka Dar es Salaam asubuhi likafika Mtwara siku hiyo hiyo, ingawa mvua kubwa zimewahi kuikata barabara kule Kilwa. Gharama ya kuleta kundi zima la wasanii naielewa, na ndiyo sababu napendekeza usaili ufanyike hapa, Masasi na Lindi mjini, ambako vipo vikundi vya maigizo na ngoma vyenye vijana wasiohitaji kufundishwa lafudhi. Wapewe nafasi ya baba, ya karani, ya mke mkubwa na ya mnunuzi wa kangomba, na mtunzi awasomee mazungumzo yake kabla ya kamera kuwashwa, ili wamwambie palipokosewa.

Mpenzi wa tamthilia,
Ligula, Mtwara