Zuhura, nimepanda gari moshi lenyewe

Shoga yangu Zuhura,

Za Dodoma? Mama anaendeleaje na ule mguu? Mimi nimerudi Dar tangu wiki iliyopita, joto lenyewe la huku unalijua, na kila siku nasema leo namwandikia Zuhura maana haya mambo sauti ya WhatsApp haitoshi.

Si unajua nilienda kwa Mwanaidi, yuko Magdeburg kule Ujerumani. Siku moja akaniambia mama kesho tunapanda mlimani kwa treni. Haya. Asubuhi tukapanda treni ya kawaida tu, ya dizeli, mashamba kulia mashamba kushoto, saa moja na kitu tukashuka mji mmoja unaitwa Wernigerode. Nyumba zake za zamani zina miti imepita ukutani kwa nje zimepakwa rangi nzuri, yaani nataka tu kutoa simu nipige picha nikasikia firimbi. Zuhura, ile firimbi! Ile ile aliyokuwa anatuigizia marehemu baba yako pale kibarazani kota za reli Gerezani, anaanza chini anapandisha halafu anaiacha inakufa taratibu. Nikasimama nimeshika simu, machozi yananitoka, Mwanaidi anauliza mama vipi, ningemwambia nini.

Nikageuka nikakiona kichwa. Cheusi, magurudumu mekundu, na kinapumua. Hata kimesimama kinapumua, mvuke unatoka chini pembeni ya magurudumu, tsss, kimya, tsss. Miaka yote tunasema gari moshi, gari moshi, na watoto wetu hawajawahi kuona moshi wenyewe. Siku ile ndo nikaelewa jina.

Na si kitu cha makumbusho kwamba kimewekwa kamba usiguse. Vile vichwa vikubwa vya kule vilitengenezwa kati ya 1954 na 1956, vilikuwa 17, na mpaka leo baadhi bado vinapanda mlima kwa ratiba, watu wanakata tiketi. Sisi tulikataa kukaa ndani, tukasimama pale nje kwenye kibaraza cha behewa, baridi inakata masikio lakini unasikia kila kitu. Kuna mahali reli inapanda mita moja kwa kila mita 30, injini inaguna kama mtu kabeba gunia, unajikuta na wewe unaisukuma kwa moyo. Kwenye stesheni ya Drei Annen Hohne ikasimama kunywa maji, jamaa akapanda juu ya tangi, na chini ndani nikamwona kijana anachota makaa ya mawe kwa beleshi, uso mweusi jasho linachora mistari, hatazami mtu. Nilimwangalia mpaka tukaondoka.

Msitu wa huko juu unasikitisha, miti mingi imekauka imesimama mikavu, ukame halafu wadudu wanaokula chini ya gome. Mlima wenyewe ni Brocken, mita 1,141, Lushoto kwetu pako juu zaidi, ila treni karibu na kilele inauzunguka mlima kama unafunga kilemba. Na watu wa kawaida walikatazwa kufika pale tangu 1961 mpaka 1989, ulikuwa mpaka wa Ujerumani mbili, wanajeshi tu. Juu tulikuta ukungu, hatukuona hata mita 20. Sikujali, nilichofuata nilishakipata njiani.

Sasa sikiliza. Wakati wa kushuka Mwanaidi anasoma kwenye simu ananiambia mama hii reli upana wake mita moja kamili. Nikamwambia na reli yetu ya kati ni mita moja! Wajerumani wale wale, Zuhura. Ile ya Brocken ilifika kileleni 1898, hii yetu wakaanza kuijenga hapa Dar 1905, mwaka ule ule wa Maji Maji, ikafika Morogoro 1907, Kigoma 1914, na waliobeba mataruma ni babu zetu. Wao cha kwao wamekitunza. Vyetu viko wapi? Nairobi kwenye makumbusho ya reli wana kichwa kikubwa cha mvuke, namba 5918, kinaitwa Mount Gelai, jina la mlima wetu kule karibu na Ziwa Natron, nacho ni cha njia ya mita moja. Mi natamani kimoja tu, kimoja, kinatoka hapa stesheni ya mjini Jumamosi kinapandisha mpaka Pugu na kurudi, watoto wamejaa madirishani, wazee wa reli waliobaki wapewe viti vya mbele. Nalisema hili kwa kila mtu siku hizi, na sitaacha.

Nakuja Ijumaa ijayo kwa SGR ya asubuhi. Naipenda pia, usije ukafikiri nimeidharau, nitakaa kushoto niione Uluguru vizuri halafu yale mahandaki ya Kilosa. Nakuletea na dagaa wa Kigoma, nimewapata Kariakoo.

Kingine, ule mtandio wangu mweupe niliovaa siku ile umejaa masizi na unanuka moshi na grisi. Sijaufua. Nimeufunga kwenye mfuko wa plastiki, nataka nimpe mama aunuse, si alikuwa analalamika kila siku kufua mashati ya mzee? Usimwambie kitu, niache nimpe mwenyewe.

Wako,
Saumu