Loiyangalani kuna watunzi, waandikeni

Mhariri,

Nimerudi majuzi kutoka Loiyangalani, mji mdogo wa Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, kwenye Tamasha la Utamaduni la Ziwa Turkana. Nilipotafuta habari zake magazetini nikakuta picha ya shingo iliyojaa shanga, na chini yake majina ya wakubwa waliohutubia. Kuhusu sanaa yenyewe, mstari mmoja tu: wananchi walitumbuizwa kwa ngoma za asili.

Najua safari ni ndefu. Lami unaiacha Laisamis, unapita Ngurunit na South Horr, kisha Sarima penye mitambo 365 ya umeme wa upepo, ndipo ziwa linapojitokeza ng'ambo ya mawe meusi. Lakini jamii 14 za Marsabit zimekuwa zikikutana katika tamasha hili tangu 2008, na mwandishi akishafika huko anaondokaje bila kuuliza jina la mtunzi hata mmoja?

Maana watunzi wapo. Waturkana walipocheza edonga hapakuwa na ngoma ya kupigwa. Mdundo ulitoka kwenye miguu yao, wakiruka na kutua pamoja mpaka vumbi likawafunika. Mwanamume mmoja akajitokeza katikati, ameinua mikono na kuipinda mfano wa pembe. Kijana wa pale aliyekuwa akinitafsiria akanieleza kwamba anamwimba fahali wake, na kwamba wimbo ni wake mwenyewe, kautunga yeye. Basi huyo ni mshairi! Taarab ikipigwa hapa Mombasa mnatuandikia nani kaimba, nani katunga, na kama sauti ilikuwa sawasawa usiku ule. Wa Loiyangalani amekosa nini?

Wanawake wa Kigabra nao wanasuka vyombo vya maziwa kwa nyuzi za mizizi, wanavikaza hata havivuji, kisha wanavifukiza moshi ndani. Nilikishika kimoja, nikakigeuzageuza nisione mshono ulipoanzia. Warendille walisimamisha nyumba ya fito na mikeka ambayo yote hubebwa na ngamia, na kazi hiyo ni ya wanawake. Mtu anayejua usanifu angeweza kuijazia ukurasa mzima.

Walionigusa zaidi ni Waelmolo, wavuvi wachache wa ufuko ule. Lugha yao ya asili imeshaacha kuzungumzwa. Nyumbani sasa wanasema Kisamburu. Je, katika nyimbo wanazoimba hadharani yamebaki maneno ya mababu? Wazee wanaoweza kujibu swali hilo walikuwa wamekaa pale kivulini, hatua chache kutoka kwenye kamera, na sikuona aliyewaendea.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Tamasha lijalo mtume mwandishi wa sanaa pamoja na mpiga picha, wakae mpaka siku ya mwisho. Watafutiwe wakalimani wa Kisamburu, Kiturkana na Kirendille miongoni mwa vijana wa huko, nao walipwe. Wimbo ukichapishwa, uwe na tafsiri ya Kiswahili na jina la aliyeutunga, akiridhia. Hotuba mnaweza kuzipunguza. Zile tunazisikia mwaka mzima.

Msomaji wenu,
Mombasa