Barua ya wazi kwa Rais wa Centre des monuments nationaux: Andikeni Kilwa ndani ya Hôtel de la Marine

Kwa Mheshimiwa Rais,
Centre des monuments nationaux,
Hôtel de Sully, Paris.

YAH: KUIANDIKA KILWA NDANI YA HÔTEL DE LA MARINE

Mheshimiwa,

Salaam kutoka pwani ya kusini ya Tanzania. Nakuandikia wewe unayeongoza taasisi inayotunza majengo ya kihistoria ya Ufaransa, kuhusu Hôtel de la Marine, jengo mnalolitunza pale uwanja wa Place de la Concorde, Paris, na nimetumia Kiswahili makusudi, kwani nusu ya ombi langu ni Kiswahili chenyewe.

Kwanza haki ya jengo. Ange-Jacques Gabriel, msanifu wa Mfalme Louis XV, alitakiwa kuupa uwanja huo, wakati ule uwanja wa mfalme, sura ya kifalme. Nani angekaa ndani ni jambo lililoamuliwa baadaye. Akachora majengo mawili pacha, barabara ya Rue Royale ikipita katikati, kwa mtindo uliorudia hekalu za Wayunani na Warumi wa kale. Chini kuna matao mazito ya mawe. Juu ya matao zimesimama nguzo 12 za Kikorintho, zimepanda ghorofa mbili kwa mkupuo mmoja, na nyuma yake kuna baraza ndefu iliyo wazi. Sisi watu wa pwani tunaijua baraza: ni pa kukaa ukatazama njia, na wapita njia wakakutazama. Basi hiyo ya Gabriel imetazama mengi. Mwaka 1793 Louis XVI alikatwa kichwa uwanjani pale. Mwaka 1836 Mfalme Louis-Philippe alisimama barazani kushangilia mnara wa jiwe kutoka Luxor, Misri, ukiinuliwa.

Pacha wa magharibi leo ni hoteli ya matajiri. Huyu wa mashariki, Hôtel de la Marine yenyewe, alikamilika mwaka 1774, akawa ghala la mfalme la fanicha, mazulia, silaha na vito. Kuanzia 1777 raia waliruhusiwa kuingia kutazama, Jumanne ya kwanza ya mwezi, msimu wa baridi ukipita. Na wezi nao hawakuisahau baraza: Septemba 1792 waliiparamia usiku, wakaingilia madirishani, wakarudi tena usiku mwingine na mwingine, wakaondoka na vito vya taji. Almasi ya bluu ya mfalme ilipotea hivyo. Iliyokatwa upya kutokana nayo iko Washington. Hadithi tamu, na sishangai wageni wakiipenda.

Lakini kuanzia 1789 hadi 2015 jengo hilo lilikuwa makao ya jeshi la majini, na kwa muda mrefu wizara ya jeshi hilo ndiyo iliyotawala makoloni. Hapo ndipo napoingia mimi.

Tarehe 14 Septemba 1776, miaka miwili tu baada ya mafundi wa Gabriel kumaliza, Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani Hasan wa Kilwa. Sultani alikubali kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 (sarafu za fedha) kila mtu, na yeye mwenyewe apate zawadi ya piastre 2 kwa kila kichwa. Mkataba wa miaka 100. Watu hao walikusudiwa mashamba ya Île de France na Bourbon, visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Sultani wetu aliweka mkono wake, hakulazimishwa na mtu. Hilo nalo msilifiche mkiandika. Ningeona haya kuomba historia inayowataja wanunuzi na kuwaacha wauzaji.

Tarehe 27 Aprili 1848, ndani ya jengo hilo hilo, ilitiwa saini amri ya kufuta utumwa katika makoloni ya Ufaransa, aliyoipigania Victor Schoelcher. Ulikuwa ufutaji wa pili. Ule wa 1794 wenye mashamba wa visiwa vyetu vya Bahari ya Hindi waligoma kuutekeleza, na Bonaparte akaurudisha utumwa mwaka 1802. Safari hii amri ilifika kweli: Desemba 20, 1848, watu zaidi ya 60,000 waliachiwa huru Réunion. Mwaka uliofuata sheria ikatoa fidia, ikawalipa mabwana. Walioachiwa huru hawakupewa hata senti. Na miaka ya 1850 meli za Kifaransa zilikuwa tena pwani yetu zikichukua watu, safari hii wakiitwa vibarua huru, ingawa wengi walikuwa wamenunuliwa.

Ombi langu ni dogo. Mgeni anayesimuliwa saini ya 1848 akutane pia na jina la Kilwa, mwaka 1776 na zile piastre 20. Asione tu kalamu ya Paris ikiweka watu huru. Ajue walitolewa wapi, na kwa bei gani. Na maneno hayo yawepo pia kwa Kiswahili. Wataalamu hamna haja ya kuwatafuta mbali, maana Fondation pour la mémoire de l'esclavage, taasisi ya kumbukumbu ya utumwa, ina ofisi humo humo.

Najua mmetumia fedha nyingi kukwangua rangi za karne mbili mpaka mapambo ya zamani yakatokea, na paa la kioo juu ya ua ni kazi ya kupigiwa makofi. Tangu mlipofungua milango Juni 2021, vyumba vya msimamizi wa ghala vimepangwa kana kwamba mwenyewe katoka dakika hii, meza imeandaliwa. Watu wanaojua kurudisha uhai wa meza ya chakula kwa umakini huo hawashindwi na kibao kimoja cha maandishi.

Maandishi ya Kiswahili yakishaandaliwa, niko tayari kuyapitia kabla hayajachapwa, bila malipo.

Wasalaam,
Msomaji wa historia, Kilwa