Barua kwa wanangu wa usafi, Mtumba na mjini

Wanangu mnaodeki maofisi ya Mtumba kwenye mji wa Serikali, hosteli za chuo kikuu na maghorofa ya mjini, mbukwenyi.

Mimi ni mama yenu niliyezeekea kwenye ndoo na mopa hapa hapa Dodoma. Tangu Serikali ianze kuhamia kwa kasi baada ya 2016, majengo yameongezeka na vijana wengi wa Bahi, Kongwa, Mpwapwa na Kondoa mmepata kazi. Nimefurahi kwelikweli. Ila kuna vitu viwili naona vinawatoka bila ninyi kujua: pumzi zenu na miaka yenu.

Nianze na pumzi. Maji yetu ya visima yana chumvi. Sinki ukilisugua asubuhi, baada ya siku chache limeota utando mweupe kuzunguka bomba, na choo kinashika ukoko ambao sabuni haiugusi. Supavaiza anataka king'ae kabla mabosi hawajafika. Basi mtu anamwaga dawa kali ya choo, ambayo ni tindikali, na ukoko ukigoma anaongezea jiki juu yake. Wanangu, jiki ikikutana na tindikali inatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inachoma macho na mapafu. Nina mwenzangu wa zamu moja aliyefanya hivyo kwenye choo kisicho na dirisha, mlango kaurudishia ili watu wasimkanyagie sakafu. Tulimtoa akikohoa, machozi yanamtoka, hawezi kumaliza sentensi. Kifua chake hakikurudi kuwa kama zamani.

Kwa hiyo chagueni dawa moja. Ukitaka nyingine, suuza kwanza kwa maji mengi, hata kama siku hiyo maji ni ya kuchota kwenye pipa. Siki na ndimu nazo msizichanganye na jiki, ni yale yale. Dawa ya choo ikitakiwa kuzimuliwa, mimina dawa kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye dawa, maana itakurukia. Harufu ikikukaba, toka nje, ndoo iache huko huko. Macho yakiwasha, yaoshe kwa maji yanayotiririka, dakika 15 au zaidi. Na hii tabia ya kuhifadhi dawa kwenye chupa tupu za maji ya kunywa inanitia hofu sana, kwa sababu mwenzako mwenye kiu hasomi kilichomo.

Glovu, barakoa na gambuti ni jukumu la mwajiri kuvitoa. Kiangazi upepo ukijaza vumbi madirishani, usifagie kukavu. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, vumbi lisipande likaingia kifuani.

Sasa miaka. Zabuni ikiisha kampuni inaondoka, nyingine inaingia, nanyi mnabadilishiwa fulana tu, korido ni zile zile. Wengi mnaanza upya kama wageni. Msikubali. Namba ya uanachama wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ni yako, si ya kampuni. Ukihamia kwa mwajiri mpya mpe namba ile ile, usijiandikishe mara ya pili. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na mwezi ambao ulikatwa lakini pesa haikupelekwa haukusaidii kitu. Nendeni mkaulize salio lenu mara kwa mara, msingoje uzee. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, analipa mwajiri peke yake. Ukiuona kwenye makato yako, uliza.

Tena dai maelezo ya ajira kwa maandishi, nakala uipeleke nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28. Ninyi mnaoanza saa kumi na moja alfajiri, jueni kwamba kabla ya saa kumi na mbili sheria bado inahesabu usiku, na kila saa ya usiku ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mabinti, likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo. Mimba si sababu ya kuachishwa kazi.

Anayefukuzwa kwa uonevu asikae nyumbani analia. Aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ambayo ina ofisi hapa Dodoma na haitozi ada ya kufungua mgogoro. Muda ni siku 30 tangu kuachishwa. Kama hujui kuandika vizuri, nenda na ndugu anayejua, na ubebe mkataba, hati za mshahara na kitambulisho cha kazi.