Kabla hujanunua simu, tuambie unalala wapi

Dukani kwetu hapa Busia, upande wa Uganda, mteja akiulizia simu tunamuuliza maswali mawili kabla ya kugusa kasha: unatumia laini gani, na unalala wapi. La kwanza hujibiwa haraka. La pili huleta kicheko, na akina mama wengine hututazama kwa jicho baya. Lakini swali lenye pesa ni hilo la pili. Mchana hakuna neno, mjini hapa karibu kila simu inashika. Kazi huanza usiku, uko nyumbani, unataka kumpigia mtoto aliye chuoni, na simu mpya inaonyesha mstari mmoja unaokuja na kupotea.

Tulijifunza kwa hasara. Mchuuzi mmoja alituletea simu sita zilizotumika, kutoka Marekani, vioo vizima, betri nzuri, bei chini kuliko ya Kampala. Tulizijaribu zote kwa laini ya dukani: zinapiga, video zinacheza bila kusita. Zikaisha kwa siku tatu. Wiki haijakatika, akarudi mzee mmoja anayeishi na kununua samaki Majanji, kando ya Ziwa Victoria. Hakugomba. Aliiweka simu juu ya kaunta, akatoa katochi yake, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi, kwenye mfuko mwingine, akaiweka kando yake, akasema, "Hii ya elfu hamsini inashika kwangu. Hii ya laki nne haishiki. Nieleze, kijana wangu."

Siku ile sikuwa na la kumweleza. Tulimrudishia pesa zake, na nne kati ya zile tano zilizobaki zikafuata njia ileile. Haya ndiyo majibu niliyopaswa kumpa.

Tuanze na redio. Kila kituo kina namba yake, na redio ambayo mshale wake haufiki kwenye namba hiyo haitakishika hata ukiipandisha juu ya mwembe. Simu nayo ni redio, au tuseme redio kadhaa zilizobanwa pamoja, kila moja na masafa yake. Huku kwetu, kama ilivyo Ulaya, simu za kawaida za 2G hutumia masafa ya megahezi 900 na 1800. 3G iko kwenye 2100 na 900. 4G hupatikana zaidi kwenye 800, 1800 na 2600. Marekani wana mpangilio wao: 700, 850, 1700, 1900. Kwa hiyo kasha linaweza kuandikwa 4G kwa herufi kubwa na lisiwe limesema uongo. Ni 4G kweli, ila ya nyumbani kwao.

Sasa lile la kulala. Masafa ya chini husafiri mbali na hupenya ukuta. Ya juu hubeba data nyingi lakini huchoka mapema. Mjini minara iko karibu karibu, kwa hiyo simu yenye masafa ya juu peke yake haipati taabu. Kijijini, mnara ukiwa kilomita kadhaa nyuma ya mashamba ya muhogo, kinachokufikia ni yale ya chini. Simu ya mzee ilikuwa na 1800 ya 4G lakini haikuwa na 800 wala 900. Dukani ikaimba, Majanji ikanyamaza. Katochi yake haijui lolote kuhusu intaneti, lakini 900 inayo, na 900 ndiyo iliyokuwa inamfikia.

Kujua simu ni ya wapi si kazi ngumu. Fungua mipangilio, nenda chini kabisa penye taarifa za simu, usome namba ya modeli. Kwa Samsung, ikiishia na herufi U, ujue ilitengenezwa kwa ajili ya kampuni za simu za Marekani. Hiyo haimaanishi ni mbaya. Zile za bei ya juu hubeba masafa mengi na hapa zinafanya kazi vizuri tu. Za bei ya chini ndizo zenye kuumiza. iPhone za Marekani zina jambo lao: kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, hazina hata tundu la kuingizia laini. Mtu huizungusha mkononi, anatafuta pa kuchomeka kipini, hapaoni. Hizo zinataka eSIM, laini isiyoshikika, kwa hiyo uliza kwanza ofisi za mtandao wako kama watakuhamishia, ndipo umwambie shemeji yako aitume. Simu za Tecno, Infinix na itel hazina mambo hayo. Zote ni za kampuni moja ya China, Transsion, iliyojijenga kwa soko la Afrika, na ndiyo maana nyingi huja na nafasi mbili za laini bila kuulizwa.

Laini mbili zilitufaa tangu zamani. Celtel ilipofungua mwaka 1995, simu ilikuwa kitu cha tajiri. MTN ikaja 1998, na miaka kumi baadaye Warid ikaingia, kisha ikaleta Pakalast yake, ofa ya kulipa mara moja na kuongea bila kuhesabu, watu wakaongea mpaka masikio yakapata moto. Orange nayo ikafuata mwaka 2009. Kupiga ndani ya mtandao mmoja kulikuwa rahisi, kutoka nje ni ghali, basi mtu alitembea na simu tatu mfukoni kama mganga na vibuyu vyake. Leo majina yamepungua. Celtel iligeuka Zain, kisha Airtel. Airtel ikainunua Warid mwaka 2013. Orange ikawa Africell mwaka 2014, na Africell yenyewe ikafunga Oktoba 2021. Tuna wateja waliokuwa na namba ya 079, ya Africell, kwenye kibao cha duka, kwenye risiti, hata kwenye mlango wa gari. Ilibidi wapake rangi upya.

Waliobaki wakubwa ni MTN na Airtel, na kila siku naulizwa ipi nzuri. Sijibu, na si kwa kuogopa. Jibu linabadilika ukivuka kilima. Hata mnara unaouona si lazima uwe wa mmoja wao: minara mingi nchini ni ya kampuni ya kukodisha minara, na mitandao hupanga humo kama wapangaji, kila mmoja na antena zake. Ndiyo maana umeme ukikatika na jenereta ikagoma, mitandao yote miwili inaweza kufa kwa pamoja, na jirani yako aliyekucheka kwa laini yako naye akakaa kimya. Njia yetu ni hii: kabla ya kununua, azima simu ya jirani yenye mtandao mwingine, simama nayo pale unapolala, saa mbili usiku, uangalie. Dakika tano za namna hiyo ni bora kuliko ushauri wangu wa nusu saa.

Na unapoangalia, usihesabu mistari tu. Angalia herufi iliyo kando yake. E ni data ya 2G, inatosha ujumbe wa WhatsApp na subira. H au H+ ni 3G. Kisha 4G. Mistari minne yenye E ni bure kabisa kwa mtu wa video, na mistari miwili yenye 4G inaweza kumtosha. Hapa pia ndipo lilipo jibu la malalamiko mengine tunayoyapata kila wiki: "Nikipigiwa, intaneti inakata." Simu nyingi hutumia 4G kwa data pekee. Ukipigiwa, simu yako inashuka hadi 3G au 2G ili uongee. Ikishuka hadi 3G, data inaendelea kwa mwendo wa polepole. Ikiangukia 2G, data inasimama mpaka ukate. Hakuna kilichoharibika, na fundi atakayekutoza pesa ya kuflashi kwa ajili hiyo amekula pesa yako mchana kweupe.

Sisi wa mpakani tuna ugonjwa wetu wa peke yetu. Uko sebuleni kwako Busia, hujavuka kitu, na simu inalia ujumbe wa kukukaribisha Kenya. Mawimbi hayana kitambulisho, hayasimami pale kwenye kituo cha pamoja cha mpaka kilichofunguliwa 2018 kupigwa muhuri. Simu iliyoachwa ijichagulie mtandao, ikipoteza mnara wa mtandao wako huhamia mwingine inaoupata, na jioni moja mnara huo unaweza kuwa wa ng'ambo. Tangu 2015 Uganda imo katika mpango wa eneo moja la mtandao pamoja na Kenya, Rwanda na Sudan Kusini, kwa hiyo ukipigiwa ukiwa huko hulipi, na bei ya kupiga iliwekewa kikomo. Lakini mpango huo ulikuwa wa sauti. Data ni hesabu nyingine, na ndiyo inayomaliza salio la mtu aliyelala usingizi huku simu yake ikipakua programu kupitia Kenya. Dawa ni mbili. Zima data ya kutumia mitandao ya nje. Kisha ingia penye mitandao, ondoa kujichagulia, uchague mtandao wako kwa mkono. Ukisafiri kweli, kumbuka kurudisha, la sivyo utafika Kisumu na simu iliyo bubu halafu utupigie kwa simu ya konda kutulaumu. Imeshatokea.

Wafanyabiashara wengi hapa hukaa na laini ya kila upande, ya Safaricom kwa ajili ya M-Pesa na ya huku kwa ajili ya wateja wa huku. Waendesha boda boda wetu wote wako hivyo, na tusisahau kwamba hapa mpakani ndipo tunapodai jina boda boda lilizaliwa. Kwa mtu kama huyo, simu ya laini moja ni ya kumkaanga tu, hata iwe ya bei gani.

Sasa jambo ambalo hatutalifanya hata ukituongezea. Simu za mkopo zimekuwa nyingi pande zote mbili: unalipa kianzio, halafu kidogo kidogo kila siku. Ndani yake kuna kufuli la programu. Ukichelewa kulipa, kioo kinageuka ukuta wenye maandishi ya deni. Kuna watu huzivusha mpaka na kuziuza kama zao. Alikuja kijana mmoja hapa, amenunua ya namna hiyo stendi kwa bei iliyomfurahisha. Siku ya nne ilimwandikia anadaiwa, kwa shilingi za Kenya, mkopo wa mwanamke asiyemjua. Alitaka tuifungue. Hatufungui. Simu ina mwenyewe, na hata ukiivunja kufuli leo, sasisho la kesho linaweza kulirudisha. Vilevile simu yenye akaunti ya mtu mwingine ya Google au ya Apple: kama aliyekuuzia hawezi kuiondoa mbele ya macho yako, rudisha pesa mfukoni uende zako. Tofauti na hizo ni simu iliyofungwa kwa laini ya kampuni moja tu kwa sababu iliuzwa na kampuni hiyo kwa bei ya ruzuku. Hiyo inaweza kufunguliwa kihalali na kampuni yenyewe, na tunaweza kukuelekeza, ila si kazi ya mchana mmoja.

Kuhusu 5G, ilizinduliwa nchini mwaka 2023 na watu wanaiulizia kwa sababu ya jina. Kama hujawahi kuona alama hiyo kwenye simu ya mtu yeyote mtaani kwako, usiilipie. Chukua simu ya 4G yenye betri kubwa, pesa iliyobaki nunua bando. Na kama tatizo lako ni Facebook kugoma kufunguka, usituletee simu. Ilifungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, si simu yako. VPN unayoiwasha ili kuipata nayo inakula data na betri, kwa hiyo usishangae bando likiisha saa saba.

Kupima simu kwetu ni bure, hata kama hukuinunua hapa na hata kama bado iko mkononi mwa anayekuuzia. Tunabonyeza *#06# na kulinganisha IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu kumi na tano, na ya kwenye kasha, tunasoma modeli, tunaangalia masafa yake moja moja, tunaweka laini yako na kupiga. Ni robo saa. Tunafungua saa mbili asubuhi, Jumapili baada ya misa. Uje na laini yako yenye salio kidogo, na tafadhali uichaji simu kwanza, kwa sababu foleni ya chaja zetu huanza mapema kuliko sisi.